Matubwitubwi ya ukubwani na uzazi wa mwanaume: jibu kwa fundi wa Morogoro

"Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Morogoro, nina miaka 29. Miaka miwili iliyopita mtoto wa dada yangu alipata matubwitubwi, na baada ya wiki mbili na kitu nami nikavimba mashavu. Siku ya sita korodani ya kushoto ikavimba na kuuma sana, homa ikapanda, hata kutembea nikashindwa. Duka la dawa walinipa antibiotiki. Uvimbe uliisha, lakini korodani ile imebaki ndogo kuliko ya kulia. Nimeoa, sasa ni mwaka na miezi mitatu, mke wangu hajashika mimba. Yeye ameshapimwa mpaka picha ya mirija, ameambiwa yuko salama. Mimi sijapima. Tangu mwaka huu uanze nguvu nazo zimepungua, siku nyingine nashindwa kabisa. Rafiki yangu anasema kirusi kimeua mbegu na nguvu vyote kwa pamoja, na ameniletea unga wa kuchanganya na asali. Corona pia niliugua mwaka 2021. Kadi yangu ya kliniki inaonyesha nilichanjwa utotoni, sasa iliwezekanaje? Je, mimi ndiyo basi tena?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kubeba jambo hili peke yako muda wote huu. Nianze na swali lako la mwisho: hapana, siyo basi tena. Iliyovimba ni korodani moja, ya kulia haikuguswa, na mwanaume mwenye korodani moja nzima kwa kawaida anapata watoto. Kirusi cha matubwitubwi kinaweza kupunguza mbegu, hilo ni kweli. Kumfanya mtu mgumba kabisa ni jambo la nadra, na likitokea mara nyingi ni kwa yule aliyevimba pande zote mbili.

Lakini mimi hapa nasoma barua tu. Kitakachosema kwa uhakika ni kipimo cha shahawa, na ni kipimo chepesi kuliko vyote alivyokwisha kufanyiwa mkeo. Yeye ameingiziwa dawa kwenye kizazi akapigwa picha ya mirija, na picha ile inauma. Wewe hujatoa hata sampuli. Sikusemi wewe peke yako, maana ndivyo nyumba nyingi zinavyokwenda: mimba ikichelewa, wa kwanza kupelekwa hospitali ni mwanamke, na wa pili ni mwanamke yuleyule. Wakati huohuo, karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto zina tatizo upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na la mke. Ungepima mwaka jana, huenda mkeo asingepitia yote hayo.

Tuje kwenye kilichokupata. Kirusi cha matubwitubwi huambukiza kwa mate na kwa matone ya kukohoa na kupiga chafya. Kikishaingia hukaa kimya siku 12 hadi 25, mara nyingi 16 hadi 18, kwa hiyo hesabu yako ya wiki mbili na kitu inakubaliana. Hupenda kushambulia tezi: za mate, na ndipo mashavu yanapovimba, wakati mwingine kongosho, na kwa mwanaume aliyekwisha balehe, korodani. Mtoto mdogo ni nadra kuvimba huko. Kwa waliobalehe na ambao hawakuchanjwa, kati ya watu 15 na 30 katika kila wagonjwa 100 huvimba korodani, kwa kawaida siku ya 4 hadi ya 8 baada ya mashavu. Ya kwako ilikuja siku ya sita. Wapo pia wanaovimba korodani bila mashavu kuvimba, na hao ndio hupotea kwenye matibabu, maana hakuna anayewaza matubwitubwi. Huku Pwani mtu huambiwa ni ngiri au busha linaanza.

Habari hii ni ya kale. Hippocrates, tabibu wa Wagiriki, aliandika karne ya 5 kabla ya Kristo juu ya wagonjwa wa kisiwa cha Thasos waliovimba karibu na masikio kisha wakaumwa korodani, na akataja kwamba wengi walikuwa vijana wa kiume waliokuwa wakikutana kwenye mieleka na mazoezi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Marekani lililokuwa Ufaransa lilipoteza siku nyingi za kazi za askari kwa matubwitubwi kuliko kwa ugonjwa mwingine wowote. Popote vijana wanapolala karibu karibu, iwe kambi, bweni au hosteli ya chuo, kirusi hiki hupata njia.

Kwa nini korodani iumie kiasi hicho wakati shavu hupona bila alama? Shavu likivimba linanyumbuka. Korodani imefungwa ndani ya ganda jeupe, gumu, lisilotanuka. Kirusi kikiingia humo, majimaji na chembe za kinga humiminika kukifuata, na shinikizo hupanda kama maharage yaliyolowekwa ndani ya chupa iliyofungwa. Damu hushindwa kupita vizuri. Ndani ya korodani kuna mamia ya vijirija vyembamba vilivyojikunjakunja, na humo ndimo mbegu zinamotengenezwa. Hivyo vijirija ndivyo vinavyobanwa na kufa. Homa nayo huongeza madhara, kwa kuwa mbegu hutaka joto la chini kidogo kuliko la mwili, ndiyo maana korodani zikakaa nje. Miezi ikipita, sehemu zilizokufa hunywea. Katika korodani zilizovimba kwa matubwitubwi, karibu theluthi moja hadi nusu huishia kupungua ukubwa kwa kiasi fulani. Ulichokiona bafuni kinajulikana hospitalini.

Ninachotaka ukishike hapa ni kwamba uharibifu huo huwa wa mabaka. Vijirija hapa vimekufa, pembeni yake vingine viko hai na vinafanya kazi. Kwa hiyo hata korodani iliyonywea haina maana ya korodani iliyokufa. Na usiipime kwa macho wala kwa vidole vyako mwenyewe kila asubuhi, kwa sababu kwa wanaume wengi wazima moja huwa ndogo au huning'inia zaidi ya nyingine. Daktari atapima kwa ultrasaundi, au kwa shada la vipande vya umbo la yai alilolibuni daktari Andrea Prader wa Uswisi, kuanzia mililita 1 hadi 25. Ya mtu mzima kwa kawaida ni kama mililita 15 hadi 25. Ukigusa uvimbe mgumu, mdogo, usiouma ndani ya korodani yoyote, huo usiungoje. Nenda wiki hiyohiyo.

Sasa nije kwa rafiki yako, maana alichokuambia ndicho kinachokuumiza zaidi hivi sasa. Mbegu na nguvu si kitu kimoja. Korodani ina kazi mbili zinazofanyika sehemu mbili tofauti. Mbegu hutengenezwa ndani ya vijirija. Testosteroni, homoni inayoleta ndevu, sauti nzito, misuli na hamu, hutengenezwa na chembe zilizoko kati ya kijirija na kijirija, ziitwazo chembe za Leydig. Hizi ni sugu kuliko vijirija. Wakati wa ugonjwa wenyewe testosteroni hushuka kweli, lakini kwa wengi hupanda tena ndani ya miezi, na korodani moja nzima inaweza kuutosheleza mwili mzima. Ndiyo maana nimeona wanaume wasio na mbegu hata moja ambao chumbani hawana shida yoyote, na wengine wana mbegu tele lakini uume hausimami. Mtaani mambo haya yamechanganywa, na matokeo yake mwanaume mwenye nguvu hukataa kupima kwa kuwa "mimi niko fiti", na mwenye mbegu hujiona hanithi kwa kuwa alishindwa siku mbili.

Angalia ratiba yako mwenyewe. Ulivimba miaka miwili iliyopita. Ukaoa, na kwa maelezo yako nguvu hazikusumbua hadi mwaka huu ulipoanza. Zimepungua sasa, mimba ikiwa imechelewa na mkeo ameambiwa hana tatizo. Kama ingekuwa ni testosteroni iliyoharibiwa na kirusi, ningetarajia upungufu uanze palepale ulipougua. Kinachofanana zaidi na hadithi yako ni wasiwasi. Mwanaume akiingia kitandani akiwa na tarehe za mkewe kichwani na maneno ya ndugu masikioni, mwili hutoa adrenalini, homoni ya hofu, na adrenalini hubana mishipa ya damu inayotakiwa kufunguka. Anashindwa. Kesho yake anaingia akiogopa kushindwa, anashindwa tena.

Kuna swali moja linalosaidia sana: je, asubuhi unaamka uume umesimama, hata mara chache kwa wiki? Ikiwa ndiyo, mishipa ya damu na ya fahamu inafanya kazi, na testosteroni huenda iko vizuri. Ikiwa hapana kwa wiki nyingi mfululizo, na hamu nayo imekwisha, basi pimwa testosteroni kwa damu iliyotolewa asubuhi, kati ya saa 1 na saa 5, kwa sababu huwa juu asubuhi na hushuka mchana. Mchana unaweza kuambiwa iko chini kumbe sivyo. Pima na sukari na presha siku hiyohiyo. Uume kutosimama vizuri kunaweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ya mishipa ya moyo, na kijana wa miaka 29 hana kinga dhidi ya hayo.

Ule unga wa asali usiunywe. Sina ugomvi na miti shamba kwa jumla. Nina ugomvi na kitu kisichojulikana kilichomo. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimepima "dawa za asili za nguvu" na kukuta zimechanganywa na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, bila kutajwa popote kwenye pakiti na kwa kipimo kisichojulikana. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akiinywa, presha inaweza kushuka ghafla hadi akafa. Na hata ingekuwa salama, haiongezi mbegu hata moja.

Lililo baya zaidi, na hili nakuomba ulisikie vizuri kwa sababu gym na mitandao vimejaa wauzaji wake, ni sindano au jeli ya testosteroni. Mwanaume anayetafuta mtoto asiiguse. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, tezi ya pituitari iliyo chini yake huacha kutoa homoni za FSH na LH zinazoziamuru korodani kufanya kazi, na mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri. Kwa wengi hurudi baada ya kuacha, lakini huchukua miezi 6, mwaka, wakati mwingine zaidi. Mtu anachomwa sindano ili "aongeze uanaume", na ndiyo inayomzuia kuwa baba.

Tuje kwenye kipimo. Kaa bila tendo wala kutoa shahawa siku 2 hadi 7, siyo pungufu, siyo zaidi. Sampuli hutolewa kwa mkono, ndani ya kikopo cha maabara, bila sabuni, bila mafuta, bila mate, maana vyote hivyo huua au hudhoofisha mbegu. Usitumie kondomu ya kawaida kukusanyia. Wapo wanaosita kwa sababu ya dini au haya. Mke anaweza kumsaidia mumewe, na maabara nzuri itawapa chumba. Mkitolea nyumbani, kikopo kikae karibu na mwili, kwenye mfuko wa ndani wa shati, kisiende kwenye friji, na kifike ndani ya saa moja. Ikimwagika kidogo, sema. Matone ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi, na yakipotea majibu yatakuwa ya uongo.

Kama umeugua malaria, dengi au homa yoyote kali ndani ya miezi mitatu iliyopita, ahirisha. Mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa, kisha wiki moja au mbili kupita kwenye mirija hadi itoke, kwa hiyo sampuli ya leo inaeleza hali ya mwili wako miezi mitatu nyuma. Kwa sababu hiyohiyo kipimo kimoja kibaya hakitoshi kumhukumu mtu. Rudia baada ya wiki kadhaa, na ikiwezekana maabara ileile.

Majibu utayapata kwa namba. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake vipya mwaka 2021, vilivyotokana na wanaume wa nchi 12 ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Mipaka ya chini ni hii: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39 kwa sampuli nzima, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo zuri asilimia 4. Usishtuke na hiyo ya mwisho. Watu wengi hulia wakisoma "umbo zuri 5%" kumbe wamo ndani. Na mipaka hiyo si ukuta kati ya wenye kuzaa na wasiozaa. Kati ya wale wanaume waliopata watoto, 5 katika kila 100 walikuwa chini yake. Mwenye mbegu milioni 10 anaweza kumpa mkewe mimba, ila inaweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo halina uhusiano na kirusi, nalo ningependa litazamwe kwa makini. Korodani iliyopungua ni ya kushoto. Kushoto ndiko ambako mishipa ya vena inayorudisha damu kutoka korodani hupenda kutanuka na kujisokota, hali iitwayo varikosili. Takriban wanaume 15 katika kila 100 wanayo, na kati ya wanaotafuta mtoto bila mafanikio idadi hupanda hadi theluthi moja au zaidi. Nayo hupunguza mbegu na hunywesha korodani taratibu. Tofauti yake na makovu ya matubwitubwi ni kwamba inatibika kwa upasuaji mdogo. Kwa hiyo mwambie daktari akupime umesimama wima, akuambie ukaze tumbo kama unayejisaidia, kisha aone kwa ultrasaundi. Nisingependa kila kitu kimwangukie kirusi na ugonjwa unaotibika ubaki umejificha nyuma yake.

Na kazi yako pia. Baadhi ya tafiti zilizofanyika Denmark kwa mafundi wa kuchomelea chuma ziliona ubora wa mbegu ukishuka kwa wale walio karibu na moshi na joto kila siku. Sikuambii uache kazi. Chomelea mahali penye hewa inayopita, vaa barakoa ya kuchuja moshi wa chuma na siyo kitambaa, usikalie karibu na kipande cha moto, vaa chupi isiyobana. Kama unavuta sigara au bangi, acha zote mbili kwa miezi mitatu angalau kabla ya kurudia kipimo. Tendo liwe kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, bila kuhesabu saa. Siku zenye nafasi ya mimba ni zile tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe, na mkienda kwa mpangilio huo hamtazikosa.

Ikiwa mbegu ni chache, daktari ataongeza kipimo cha homoni, hasa FSH. Ikiwa juu sana, ubongo unaamuru na vijirija haviitikii, yaani tatizo liko ndani ya korodani. Hakuna kidonge kinachofufua kijirija kilichokufa, na anayekuuzia kidonge hicho anakudanganya. Lakini zipo njia za kutumia mbegu zilizopo. Zikiwa kiasi cha wastani, huoshwa na kuwekwa moja kwa moja kwenye kizazi cha mke siku yai linapotoka. Zikiwa chache sana, ipo njia ambayo mbegu moja huchomwa ndani ya yai moja maabara. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walipatikana Brussels, Ubelgiji, na habari zao zikatangazwa mwaka 1992. Hata mwanaume ambaye shahawa yake haina mbegu hata moja baada ya matubwitubwi, daktari wa upasuaji anaweza kuzitafuta kwa darubini ndani ya korodani, na kwa kuwa uharibifu ni wa mabaka, mara nyingi huzikuta. Huduma za kutungisha mimba maabara zipo Dar es Salaam na Nairobi. Gharama ni mamilioni ya shilingi na wengi hulipa mfukoni, kwa hiyo usikimbilie huko kabla ya kutibu kinachotibika. Kwa maelezo yako sidhani utafika huko.

Kuna kipimo kimoja cha kutolipia: damu ya kutafuta kinga ya matubwitubwi. Itasema tu kwamba uliwahi kuugua, jambo unalolijua.

Corona ya mwaka 2021 usiihesabu. Homa yake na ugonjwa wenyewe huweza kushusha mbegu kwa muda, lakini kwa wengi hurudi baada ya miezi mitatu hivi, na wewe umepita miaka. Chanjo za corona hazikupunguza mbegu za wanaume waliopimwa kabla na baada ya kuchanjwa. Kwa kuwa barua za wasomaji wengine hugusa virusi vingine, niseme kwa ufupi: VVU visipotibiwa hushusha testosteroni na ubora wa mbegu, lakini anayemeza ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza kwa tendo la ndoa, na anaweza kupata mtoto kwa njia ya kawaida. Waliopona Ebola, na nawafikiria ndugu zetu wa Kongo, wapimwe shahawa hadi majibu mawili yatoke safi, ama watumie kondomu miezi 12, kwa sababu kirusi hujificha ndani ya korodani. Guinea kilikutwa zaidi ya siku 500 baada ya mtu kuugua, na akaambukiza. Zika, iliyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa jina hilo karibu na Entebbe, Uganda, nayo hukaa kwenye shahawa, na mwanaume aliyetoka kwenye mlipuko hushauriwa asubiri miezi mitatu kabla ya kutafuta mtoto.

Kadi yako ya kliniki haisemi uongo. Ulichanjwa surua, na chanjo ya surua haizuii matubwitubwi. Tanzania iliongeza rubela mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016, lakini matubwitubwi hayamo katika chanjo hizo za serikali za watoto hadi leo. Chanjo ipo tangu mwaka 1967, aliitengeneza Maurice Hilleman wa Marekani kwa kirusi alichokichukua kooni mwa binti yake aliyekuwa akiumwa, na hospitali za binafsi mijini huitoa ikiwa imeunganishwa na surua na rubela. Serikali kutoiweka haraka si uzembe tu. Ukichanja watoto wachache, kirusi hupungua mtaani, na wale ambao hawakuchanjwa hukua bila kukutana nacho hadi wanapokuwa watu wazima, umri ule ambao korodani huvimba. England na Wales waliliona hilo mwaka 2005, pale zaidi ya watu 50,000 waliporipotiwa, wengi wao vijana wa umri wa chuo waliokosa chanjo kamili utotoni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka nchi iwe kwanza imefikisha chanjo ya surua na rubela kwa watoto walio wengi. Kwa maoni yangu tunakaribia mahali pa kulijadili upya, na kijana anayeingia jeshini au bwenini ambaye hakuugua utotoni afikirie kujilipia dozi mbili, zikipishana angalau siku 28, isipokuwa kama kinga yake iko chini sana. Wewe huzihitaji, aliyekwisha ugua ni nadra kuugua tena.

Neno kwa wanaume wa nyumbani kwako, maana kirusi kilipita hapo. Akivimba korodani wakati mashavu yamevimba, apumzike kitandani, korodani zibebwe na chupi ya kukaza au taulo lililokunjwa, awekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, anywe dawa ya maumivu na homa. Antibiotiki uliyopewa haikuwa na la kufanya, kirusi hakiisikii. Lakini korodani ikiuma ghafla bila mashavu kuvimba, hasa kwa kijana, akimbizwe hospitali saa ileile: inaweza kuwa imejisokota kwenye mshipa wake wa damu, na baada ya saa 6 nafasi ya kuiokoa hupungua haraka. Kuna na kisonono na klamidia, ambazo huvimbisha korodani na hizo antibiotiki huzitibu, kwa hiyo asijitibu kwa kukisia.

Wewe nenda kwa daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume, na mwende na mkeo, aingie chumbani nawe asikie mwenyewe. Mbebe majibu yake yote ili asirudishiwe vipimo alivyokwisha fanya. Majibu yako yakitoka niandikie mambo manne: mbegu kwa mililita, asilimia zinazotembea, FSH kama imepimwa, na ukubwa wa kila korodani kwenye ultrasaundi, pamoja na neno kama varikosili imeonekana au la.